Utafiti wa afya si wa Hospitali ya Kenyatta pekee

"Utafiti ni kazi ya hospitali kubwa." Dhana hii imekita mizizi Nairobi, nami naona ndiyo inayotugharimu zaidi. Mwaka 1961 daktari Mmarekani Kerr White na wenzake walitumia takwimu za Marekani na Uingereza kukadiria yanayowapata watu wazima 1,000 kwa mwezi mmoja: 750 huugua au kuumia, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na mmoja tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Hesabu ya kwetu leo haiwezi kuwa ileile, lakini anayefanya utafiti katika Hospitali ya Kenyatta pekee, ambayo pia ni ya kufundishia madaktari, anamchunguza huyo mmoja na kuwaacha wengine.

Na wagonjwa wa zahanati si wale wa wodini. Chukua kipimo kinachopatia mara 90 kwa 100, kwa mgonjwa na kwa mzima. Hospitalini, tuseme nusu ya wanaopimwa wanao ugonjwa: jibu la "unao" litakuwa kweli mara 90 kwa 100. Kwenye zahanati ya mtaa wa Kayole, tuseme walio nao ni 20 tu kati ya 1,000. Kipimo kitawanasa 18, kisha kitawasingizia wazima 98. Kipimo hakina kasoro. Foleni ndiyo tofauti. Mwongozo wa tiba uliotokana na ushahidi wa wodini pekee unaweza kumpotosha muuguzi wa Kayole hata akiufuata neno kwa neno.

"Watafiti huja kuchukua damu." Wapo wanaochukua. Lakini APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kilicho hapa Nairobi, kilianza mwaka 2002 kufuatilia kaya za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani hasa kwa maswali: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na kwa sababu gani.

"Ukitia sahihi fomu ya kushiriki utafiti umejifunga." La. Unaweza kujitoa wakati wowote, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Anayebisha hodi muulize idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Asiyekuwa navyo, mfungie mlango.

"Muuguzi ajaze rejista, maswali awaachie maprofesa." Hili linanikera. Takwimu za rejista hupanda kila mwezi hadi kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za afya, KHIS, lakini anayezijaza ndiye anayejua mama gani aliacha kliniki alipohama nyumba, na nani huogopa kuja wakati wa mvua. Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 iliweka mitandao inayounganisha wahudumu wa mitaani, zahanati na hospitali. Mitandao hiyo ingefaa pia kuibua maswali ya utafiti. Muuguzi atengewe saa za kazi hiyo, apate mtu wa kumsaidia takwimu, na jina lake liandikwe miongoni mwa waandishi wa ripoti. Kumtaja kwenye aya ya shukrani hakutoshi.