Yai kukwama kwa kuku aliyezeeka

Kuku huitwa amekwama yai pale yai lilipokwisha kukamilika lakini likashindwa kutoka. Linasimama sehemu ya mwisho ya mrija wa mayai, na kuku akijikamua halisogei. Kwa kuku mkongwe ni shida ya kawaida, na watu wengi huichanganya na ugonjwa mwingine unaofanana nayo kwa nje lakini hautibiki kwa njia ileile.

Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na kama saa 20 kati ya hizo ni za gamba peke yake. Gamba hilo hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika usiku kuku akiwa amelala. Kalsiamu isipotosha kwenye chakula, mwili unaitoa kwenye mifupa ya kuku mwenyewe. Tatizo ni kwamba misuli ya mrija nayo inaitegemea kalsiamu hiyohiyo ili ibane na kusukuma. Ikipungua, gamba linakuwa tepetepe na misuli inalegea kwa wakati mmoja. Yai tepetepe lina shida zaidi kutoka kuliko gumu, kwa sababu misuli haipati pa kushika. Uzee unaongeza yake: mayai yanakuwa makubwa, gamba linakuwa jembamba, na kuku aliyenenepa ana mafuta tumboni yanayobana njia.

Huku Mwanza kuna jambo jingine. Kuku wa Ulaya hupumzika kutaga wakati wa baridi kwa sababu mchana unakuwa mfupi. Kwetu mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo kuku hana msimu wa giza wa kumpumzisha, isipokuwa anaponyonyoka manyoya au anapoatamia. Anayeacha taa ikiwaka bandani hadi usiku wa manane kwa kuku mzee anamkamua tu.

Dalili utaziona asubuhi: kuku kasimama wima mkia chini, manyoya kayatutumua, anaingia kwenye kiota na kutoka bila yai, hagusi pumba. Mshike, mwekee kiganja chini ya tumbo, kati ya miguu, kisha peleka vidole nyuma hadi kwenye ile mifupa miwili myembamba iliyo pembeni ya njia ya haja. Yai lililokwama utaligusa hapo: la mviringo, kwa kawaida gumu, na kuku atashtuka. Usibonyeze. Likipasukia ndani, vipande vinachana mrija na uchafu unaingia.

Andaa beseni la maji ya uvuguvugu. Joto la kuku ni kama nyuzi 41, kwa hiyo maji yanayokuchoma mkono yatamchoma na yeye. Mkalishe humo hadi usawa wa tumbo kwa dakika 20 hivi, mkaushe vizuri, paka mafuta safi kwenye njia, kisha mweke peke yake mahali pa giza, pakavu, penye joto. Mpe maji yenye kalsiamu ya mifugo kwa kipimo cha kwenye pakiti. Rudia baada ya saa chache. Siku ikiisha yai halijatoka, mwite afisa mifugo wa kata. Kuku aliyekwama anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Yai likitoka na nyama nyekundu ikabaki nje, mtenge mara moja, maana wenzake wakiona wekundu watamdonoa hadi utumbo.

Sasa ule ugonjwa mwingine. Hapo kiini kinakosea njia, kinadondokea tumboni badala ya kuingia kwenye mrija, kisha bakteria wanakishambulia. Ukimshika hugusi kitu kigumu. Tumbo zima linacheza kama mfuko wa maji, kuku anatembea miguu imeachana, kifua kimekonda hadi mfupa unachoma. Beseni halimsaidii huyu. Dawa ya bakteria inaweza kumpa nafuu ya muda, lakini kwa kuku mkongwe hali hurudi. Mimi naona heri kummaliza mapema na kumfukia kuliko kumkimbiza mnadani akiwa bado anasimama, kama wengi wanavyofanya.

Chakula ndicho kinga. Dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza, ni wazuri, ila walioanikwa chini wana mchanga mwingi, na mchanga haujengi gamba. Weka chombo cha pembeni chenye maganda ya konokono wa ziwani au maganda ya mayai yaliyooshwa, kukaangwa makavu na kupondwa. Yaache yawe chengachenga, yasiwe unga: chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, saa zile gamba linapojengwa. Kuku mwenye haja atadonoa mwenyewe.

Na ile OTC (oxytetracycline, dawa ya bakteria) ambayo kila duka la mifugo litakupa ukisema tu kuku mgonjwa: haitoi yai lililokwama. Ukiichanganya na kalsiamu kwenye maji yaleyale, kalsiamu inaishika na dawa haiingii mwilini vizuri. Ukilazimika kuitumia, soma siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti. Hadi zipite, mayai na nyama ya kuku huyo haviliwi wala haviuzwi.