Cadair Idris si mlima wa pili kwa urefu Wales
Kwa vizazi wengi wamesadiki kwamba ukiuacha Yr Wyddfa wenye mita 1,085, mlima mrefu kuliko yote Wales ni Cadair Idris. Sivyo. Cadair Idris una mita 893 tu. Vilele vya Wales vinavyozidi futi 3,000, yaani mita 914, vyote viko kaskazini zaidi, vikiwemo Garnedd Ugain (1,065) na Carnedd Llewelyn (1,064). Hata jirani yake Aran Fawddwy, ambao wapandaji wengi hawaujali, unaupita kwa mita 12.

Macho ndiyo yanayodanganya. Mlima huu unainuka karibu na bahari, na njia ya Minffordd huanzia chini bondeni. Ukifika ziwa la Llyn Cau, umezingirwa na majabali. Hapo nani atakumbuka vipimo?