Kupangisha Wageni wa Muda Mfupi Kwenye Makazi ya Pamoja

Kwenye makazi ya pamoja kila kaya ina nyumba yake kamili, ila ua, bustani, chumba cha kufulia na ukumbi wenye jiko kubwa ni vya wote. Mtindo huu ulianzia Denmark, ambako jumuiya ya Sættedammen ilipata wakazi wake mwaka 1972, miongo kadhaa kabla ya mtu kuweza kukodisha chumba kwa mgeni asiyemjua kupitia simu. Leo suala hilo hufika kwenye mikutano ya wakazi, mara nyingi likiwa limechelewa: mgeni keshaingia, na jirani keshanuna.

Mwenye nyumba husema, "Napangisha changu." Sawa. Lakini ufunguo wa lango unampitisha mgeni kwenye madirisha yasiyofungwa mapazia na kwenye uwanja ambao watoto wanacheza bila msimamizi, kwa kuwa kila mtu mzima hapo anawajua. Mgeni mmoja hana neno. Sura mpya kila wiki, mwaka mzima, ni habari nyingine.

Chakula cha pamoja nacho huzua maneno. Wakazi hupika kwa zamu, bila malipo. Mgeni aliyelipia malazi akiketi mezani, nani anapata faida ya jasho la mpishi? Nimeona ugomvi wa sahani ukizidi wa kelele. Ni heri mgeni wa kulipia achangie chakula, au asihesabiwe kabisa.

Kwa maoni yangu, la kuamua mapema ni kama mwenyeji atakuwepo. Anayelala chumba cha pili huwahi kusikia vurugu, na yeye ndiye anayewajibika. New York imelishika hilo: tangu Septemba 2023 inadai usajili, na kwa malazi ya chini ya siku 30 mwenyeji awepo na wageni wasizidi wawili. Miji mingine hubana idadi ya usiku kwa nyumba nzima: London 90 kwa mwaka, Amsterdam si zaidi ya 30. Jumuiya isijiruhusu kile ambacho sheria ya mji wake imekataza.

Marufuku kamili siipendi. Yupo mstaafu ambaye kodi ya chumba kimoja ndiyo inayomwezesha kubaki, na yupo anayesafiri mwezi mzima kumuuguza mzazi. Nyumba iliyonunuliwa kwa ajili ya wageni tu, hiyo ikataliwe waziwazi kwenye kanuni.

Bima isisahaulike. Bima nyingi za nyumba za kuishi hazifidii hasara inayotokana na wageni wa kulipia, na mgeni akiteleza kwenye ngazi za ukumbi, dai linaweza kuangukia jumuiya nzima. Ulizeni kampuni yenu kwa maandishi, mpate jibu kwa maandishi.

Kila ujio ubandikwe kwenye ubao wa matangazo: jina la mwenyeji, tarehe za kufika na kuondoka, na namba ya mtu atakayepokea simu saa nane za usiku.