Mkimbizi, mlipuko wa ugonjwa na afya ya akili: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

Ilipokuja Ebola mashariki mwa Kongo mwaka 2018, kisha korona mwaka 2020, kisha homa ya Marburg huko Kagera Machi 2023, maneno ya mwaloni Kirumba na stendi ya Nyegezi yaliishia kwa mtu yuleyule: Mrundi au Mkongomani aliyekimbia kwao. Mengi yanayosemwa juu yake si kweli, na yanaumiza.

"Wale wameshazoea shida, ugonjwa hauwezi kuwatikisa."

Hii ndiyo inayosemwa sana, tena na watu wenye nia njema. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya watu watano walioishi kwenye vita ndani ya miaka kumi iliyotangulia, mmoja ana tatizo la afya ya akili: sonona, wasiwasi uliopitiliza, au kuandamwa na mambo aliyoyaona. Huyo ndiye aliyekutwa na korona, tayari amebeba mzigo.

Halafu tazama korona ilimnyang'anya nini. Katika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, kinachomshikilia mtu ni kwaya, ibada, kikundi cha akiba, jirani wa kuteka naye maji, na msiba wa kukesha pamoja. Mikusanyiko ndiyo iliyoguswa kwanza. Shule zilifungwa nchi nzima Machi 2020, na za msingi hazikufunguliwa hadi mwishoni mwa Juni. Mama ambaye ndugu zake waliishia vitani, majirani ndio ukoo wake. Ukimwambia akae mbali na watu, umemwacha na kumbukumbu zake. Kwa Ebola na Marburg ni kuzito zaidi, maana maiti haioshwi na ndugu. Aliyewahi kukimbia bila kuzika anaguswa palepale penye kidonda.

Umbali uliotakiwa wakati wa korona ulikuwa wa mwili, mita moja hivi. Kupiga simu, kusalimiana uani, kuita jina la mtu kupitia dirishani, hakuna aliyeyakataza. Naamini hapo ndipo tulipokosea wengi: tulikaa mbali na watu mpaka kwa maneno.

"Wao ndio wanaoleta ugonjwa."

Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, tarehe 16 Machi 2020, alikuwa Mtanzania aliyerudi kwa ndege kutoka Ubelgiji. Lakini tuhuma hii ina madhara yake. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi aishi eneo lililotengwa na awe na kibali anapotoka. Aliyeko mjini bila kibali, akisikia majirani wanamnong'ona, haendi zahanati. Homa anaificha, na hata kukosa usingizi hasemi.

"Amerogwa", "ana mapepo", "ni kichaa."

Kati ya walioishi kwenye vita, wenye tatizo kali la afya ya akili ni kama watano katika kila mia. Wengine wenye tatizo, wengi wao hawahitaji kulazwa. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa vikao vitano vya mazungumzo, unaoendeshwa na mtu asiye daktari, aliyefundishwa na mwenye wa kumsimamia. Sala haizuiliwi, iende pamoja na matibabu.

"Ukimuuliza kama amewaza kujiua, unampa wazo."

Hapana. Kuuliza kwa upole hakupandi wazo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mpeleke hospitali.

"Hiyo ni kazi ya mashirika."

Mashirika mengi ya wakimbizi yako kambini Kigoma. Aliyepanga chumba Igoma au Buzuruga anakutana nawe kwanza: wewe mwenye nyumba, mama ntilie, mzee wa kanisa, balozi. Huhitaji utaalamu kuanza. Tazama kama yuko salama na amekula. Msikilize bila kumhoji vita ilikuwaje. Akitaka atasema mwenyewe. Kisha muunganishe na huduma: hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na zahanati ya karibu inaweza kumwandikia rufaa. Kama Kiswahili chake ni kidogo, tafuta mtu mzima anayemwamini, anayejua Kirundi au lugha ya kwao, aende naye. Asitafsiriwe na mtoto wake, kwa sababu yapo mambo ambayo mzazi hatayasema mbele ya mwanawe.