Je, wajua kwa nini foleni ya kongamano la mashabiki hurefuka wakati ukumbini viti ni vitupu?

Vijana wa Mbeya wakianza kupanga kongamano la mashabiki wa anime (katuni za Kijapani), vibonzo na gemu, mjadala kwenye kundi la WhatsApp hufuata njia inayojulikana. Kwanza ukumbi, kisha spika na jenereta, kisha nani atahukumu shindano la waliovaa kama wahusika. Mlango hauzungumzwi. Siku inafika, watu 300 wamejipanga hadi barabarani, saa nne imepita, ndani viti vinaangaliana, na kila aliye nje ana maelezo yaleyale: waandaaji hawakutegemea umati huu, wangetafuta ukumbi mkubwa.

Maelezo hayo yanaingia akilini haraka, na ndiyo maana yanadumu. Lakini ukumbi mkubwa ungekuwa mtupu zaidi tu. Foleni iko mlangoni, na mlango haujui ukumbi una viti vingapi. Wengine, wenye jicho kali kidogo, husema tatizo ni wingi wa watu ukilinganisha na wahudumu. Hao wamekaribia, ila bado. Wahudumu walewale wanne, kwa watu walewale 300, wanaweza kuzalisha asubuhi mbili tofauti kabisa. Foleni ndefu mara nyingi hutokana na watu kuja kwa mafungu na kila mmoja kuhudumiwa kwa muda wake. Wastani unaweza kuwa mzuri kabisa na bado watu wakasimama kwenye baridi ya Julai wakipuliza viganja.

Mambo haya si mageni kwa wenye makongamano makongwe. Worldcon, mkutano wa mashabiki wa hadithi za kisayansi, ulianza New York mwaka 1939. San Diego, Marekani, wakaanza lao la vibonzo 1970, na Comiket ya Tokyo, ambako mashabiki huuza vijitabu walivyochora na kuchapa wenyewe, ikaanza Desemba 1975. Jirani zetu wa Nairobi wana lao, NAICCON. Makubwa kwa madogo, yote hutegemea sana watu wa kujitolea, na yote hukutana na hesabu ileile mlangoni.

Hesabu yenyewe inaonekana vizuri kwenye mizani ya malori ya Wenda, nje ya Iringa ukielekea Mbeya. Tuseme lori moja linapimwa kwa dakika 3, na kwa wastani lori moja hufika kila dakika 4. Kwenye karatasi mizani haiwezi kuelemewa, maana kila baada ya lori ina dakika nzima ya kukaa bure. Sasa kumbuka mlima Kitonga. Lori moja lenye mzigo mzito linajikokota, nyuma yake yamenasa mengine sita yasiyothubutu kulipita kwenye kona zile, na yote saba yanaingia Wenda karibu kwa pamoja. La saba litasubiri dakika 18. Kabla hayajafika, mpimaji huenda alikuwa amekaa robo saa nzima akichezea simu, na robo saa ile haiwekwi akiba. Haiwezi kutolewa stoo ikatumika lori la saba linapofika. Ndiyo siri nzima: muda wa bure hupotea papo hapo, wakati kazi iliyochelewa hurundikana.

Ukishaliona hilo, hutashangazwa na hesabu alizoanza kuzichapisha Mdenmaki Agner Krarup Erlang mwaka 1909, akishughulikia simu za jiji la Copenhagen. Chukua meza moja inayohudumia mtu kwa wastani wa dakika 1. Ikiwa na kazi nusu ya muda wake, anayefika atasubiri wastani wa dakika 1. Ikiwa na kazi asilimia 80 ya muda, atasubiri dakika 4. Asilimia 90, dakika 9. Asilimia 95, dakika 19. Kutoka 90 hadi 95 umeongeza watu wachache sana, lakini umezidisha kusubiri maradufu. Hapo ndipo waandaaji hudhani wamevamiwa na umati.

Takwimu hizo zina masharti yake. Zinachukulia kwamba watu wanafika bila mpangilio, mmoja mmoja, kwa muda mrefu, na kwamba muda wa kumhudumia kila mmoja nao hautabiriki. Mashabiki hawafanyi hivyo. Kundi la Iringa limekodi Coaster moja, wanafunzi wa chuo wameteremka kwenye daladala ileile, na nusu ya wote wamekuja kabla mlango haujafunguliwa. Kwa hiyo zichukuliwe kama picha ya tabia ya foleni; dakika za kongamano fulani zitakuwa zake.

Sasa tusogee mezani, kwa sababu hapo ndipo penye kioja. Mtu mwenye tiketi safi anamalizwa kwa sekunde 20: onyesha simu, jina latafutwa, mkanda wa mkononi, pita. Halafu anakuja aliyelipa kwa simu asubuhi hiyo. Anasema nimetuma. Mhudumu anasema ujumbe haujaingia. Anaonyesha ujumbe wake, kumbe jina lililotokea ni la shangazi yake aliyemlipia, au pesa imekwenda kwenye lipa namba ya duka jirani. Nyuma yake yuko mwenye mabawa ya kadibodi mapana kuliko mlango, na upanga ambao lazima mtu auguse athibitishe ni sponji. Bunduki bandia ndiyo mtihani zaidi, kwa sababu askari wa getini hana wajibu wa kujua imetoka kwenye anime gani. Kila mmoja wa hawa, tuseme, anakula dakika 3.

Kati ya watu 300, wenye mambo wakiwa 60 tu, piga hesabu. Watu 240 wa sekunde 20 ni dakika 80 za kazi. Watu 60 wa dakika 3 ni dakika 180. Moja ya tano ya watu imechukua zaidi ya theluthi mbili za kazi yote. Tuseme wote 300 wameshajipanga mlango unapofunguliwa. Meza nne zikiwahudumia wote kwa mchanganyiko, mlango unamaliza baada ya dakika 65, na mtu wa kawaida anangoja karibu dakika 32.

Waandaaji wazoefu huweka meza ya matatizo. Mbili kati ya zile nne zinapokea wenye tiketi safi peke yao. Mwenye lolote la kujieleza anaelekezwa pembeni, kwa upole, kabla hajafika mbele. Wale 240 wanaisha ndani ya dakika 40, kisha meza zao zinahamia kusaidia upande wa pili. Kazi yote inaisha dakika ya 65 ileile, hata sekunde haikuokolewa. Lakini wastani wa kusubiri umeshuka hadi karibu dakika 24. Kwa maneno mengine, meza ya matatizo haizalishi muda. Inaamua nani angoje. Aliyelipiwa na shangazi na mwenye mabawa ndio wanaolipa gharama, na mwandaaji mkweli anakubali kwamba ameupendelea upande mmoja.

Cha kupunguza kazi yenyewe hufanyika siku kadhaa nyuma. Bei ya kiingilio ni mfano mdogo wenye faida kubwa. Shilingi 10,000 ni noti moja, na 5,000 nayo ni noti moja. Aliyepanga 7,000 amejiandalia asubuhi nzima ya kutafuta chenji. Malipo ya simu hufungwa usiku wa kuamkia tukio ili orodha ya majina ipangwe kwa utulivu. Picha za mavazi hutumwa mapema ili panga na bunduki zijadiliwe zikiwa bado kwenye simu. Hata tarehe ni sehemu ya hesabu: mwanzoni mwa Agosti, wakati wa Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya ina wageni wengi, na magari yanayochelewa pamoja hufika pamoja. San Diego, kwenye umati unaozidi watu laki moja, walihamia mwaka 2016 kwenye beji zenye chipu, za kugusisha tu mlangoni. Lengo halitofautiani na la noti moja.

Kuna foleni moja ambayo ufundi huu hauigusi, wala haupaswi kuigusa. Mwaka 2006, New York Comic Con ya kwanza kabisa ilipata watu wengi kuliko idadi inayoruhusiwa ndani, milango ikafungwa kwa amri ya zimamoto, wenye tiketi zao wakabaki nje kwenye baridi ya Februari. Pale ukumbi ulikuwa umejaa kweli, na mlango wenye kasi ungeongeza hatari tu. Kwa macho ya aliye nje, foleni hizi mbili zinafanana kabisa. Anayeweza kuzitofautisha ni yule wa kujitolea anayesimama mlangoni na kaunta ya kubonyeza mkononi, hakagui tiketi wala hasalimiani na mtu, anahesabu tu wanaoingia na kutoa wanaotoka. Kwa kawaida ndiye wa kwanza kuondolewa kwenye nafasi yake wahudumu wanapopungua.