Hatuziki Ganda: Dhana Potofu za Wakatoliki Kuhusu Kifo na Ufufuko

Katika maziko mengi ninayoyaongoza, kabla jeneza halijashushwa, huinuka msemaji wa familia, au mwenyekiti wa jumuiya, au mshereheshaji aliyekodiwa, akawatuliza wafiwa kwa kuwaambia kwamba hapa tunazika ganda tu, mwenyewe ameshaondoka. Watu huitikia "Amina". Ni waamini walewale ambao Jumapili hutamka Kanuni ya Imani hadi maneno "ufufuko wa miili, uzima wa milele", na hakuna anayeshtuka kwamba kauli ya msemaji na Kanuni ya Imani haziwezi kuwa kweli zote mbili.

Dhana ya kwamba mwili ni kifungashio cha kutupwa haikutoka katika Biblia. Ilikuwapo kwa Wagiriki kabla ya Kristo, na Plato aliieleza kwa ufasaha mkubwa, akimwona mwanafalsafa kuwa mtu anayejizoeza kuachana na mwili hata kabla ya kufa. Paulo alipohubiri Athene, wasikilizaji walimvumilia mpaka alipotaja ufufuko wa wafu, na hapo baadhi yao wakamdhihaki (Mdo 17:32). Kama angewaambia kwamba roho hubaki hai baada ya kifo, wengi wao wasingekuwa na sababu ya kucheka, kwa kuwa hilo walikuwa wamelisikia shuleni kwao. Walichokataa ni mwili kurudi, na ndicho hichohicho ambacho Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa ukali, akisema kwamba kama wafu hawafufuki, basi Kristo naye hakufufuka, na imani yao ni bure (1 Kor 15).

Hapo waamini huniuliza: je, Padri, marehemu hayuko mbinguni sasa? Kanisa linafundisha kwamba kila mtu huhukumiwa mara anapokufa, na kwamba roho ya aliyekufa katika neema, ikiisha kutakaswa kama inahitaji kutakaswa, humwona Mungu uso kwa uso bila kungoja mwisho wa dunia. Jambo hili lilizua ubishi mkubwa hata Papa mwenyewe akaangukia upande usiofaa: kuanzia mwaka 1331 Yohane XXII, aliyekuwa akikaa Avignon, alihubiri kwamba watakatifu hawatamwona Mungu kikamilifu mpaka siku ya hukumu, wanateolojia wa Paris wakampinga, naye akayaacha maoni hayo mwaka 1334, akiwa kitandani, siku moja kabla ya kufa. Mrithi wake, Benedikto XII, aliamua suala hilo rasmi mwaka 1336. Kwa hiyo sipingi kwamba roho iko hai, wala kwamba yaweza kuwa mbinguni leo. Ninachopinga ni kufanya hapo kuwa mwisho wa safari, kwa maana hata roho iliyojaa heri bado inangojea mwili wake, na mtu bila mwili si mtu mzima.

Tazama tunachokifanya kwenye ibada ya maziko yenyewe. Tunawasha mshumaa wa Pasaka karibu na jeneza, tunanyunyizia mwili maji ya baraka kuukumbuka ubatizo, kisha tunaufukizia ubani, ambao altareni tunaufukizia Injili na Ekaristi. Nani anafukizia ganda ubani? Kila tarehe 15 Agosti tunasherehekea Kupalizwa kwa Bikira Maria mbinguni, na fundisho hilo, kama Papa Pius XII alivyolitangaza mwaka 1950, linasema wazi kwamba alipalizwa mwili na roho. Mkatoliki anayeamini kwamba mwili hauna kazi tena baada ya kifo hana sababu ya kuja kanisani siku hiyo.

Wengine huichoka hoja hii kwa sababu wanadhani ufufuko ni maiti kuinuka kama ilivyolazwa, na uzee wake na ugonjwa wake. Lazaro alifufuliwa hivyo, akarudi kwenye maisha ya kawaida, na kwa hiyo alikuwa na kifo kingine mbele yake. Kristo hakufufuka hivyo. Mwili wa Bwana mfufuka ulikuwa na majeraha yaliyoweza kuonyeshwa, ukala samaki mbele ya mitume, na bado uliingia mahali ambapo milango ilikuwa imefungwa, wala mauti haiutawali tena. Paulo, alipotaka kueleza uhusiano wa mwili unaozikwa na mwili utakaofufuliwa, alichukua mfano wa mbegu, ambayo si shina wala suke, na bado shina na suke havitoki mahali pengine.

Ndiyo maana maswali kuhusu aliyezama ziwani asionekane, au aliyeliwa na simba, hayanisumbui. Agustino, askofu wa Hipo aliyefariki mwaka 430, aliyajibu yote, hata la mtu aliyeliwa na mtu mwenzake: Mungu aliyeumba pasipo kitu hashindwi kukusanya kilichotawanyika. Watesi wa Wakristo wa Lyon, mwaka 177, waliteketeza miili ya mashahidi na kuyatupa majivu katika mto Rhône, wakitaka kuwaondolea waliobaki tumaini la ufufuko. Mawazo ya watesi hao nayasikia leo kutoka kwa waamini wanaoapa kwamba aliyechomwa hatafufuka. Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda, waliteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na mahujaji wanaotoka Tanzania, Kenya na kwingineko kila mwaka hawaendi kuwaombolezea watu waliokosa ufufuko.

Kuteketeza mwili, kwa hiyo, si dhambi kwa Mkatoliki tangu ruhusa ya mwaka 1963, ilimradi asichague hivyo kwa kuukana ufufuko. Maelekezo ya mwaka 2016 yalikataza kuyatawanya majivu hewani au majini, na kuyageuza mapambo. Kanisa bado linapendelea maziko, nami napendelea zaidi ya linavyopendelea, kwa kuwa kaburi huwapa watoto mahali pa kwenda kusali.

Dhana zinazobaki hazihitaji maneno mengi. Mtu akifa hageuki malaika. Malaika ni viumbe wa roho tupu, nao hawakuwahi kuwa watu. Na Yesu aliposema kwamba wafufuka watakuwa kama malaika (Mt 22:30), alikuwa akiwajibu Masadukayo, Wayahudi waliokana ufufuko, kuhusu ndoa. Mtoto mchanga aliyebatizwa akafa ni mtakatifu, na hilo halihitaji kuongezewa mabawa. Kwa mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo, wale wanaowaambia akina mama kwamba amepotea wanasema jambo ambalo Kanisa halijapata kulitangaza kuwa imani. Tume ya Kimataifa ya Teolojia, katika hati yake ya mwaka 2007, ilieleza kwamba zipo sababu nzito za kutumaini wokovu wake. Sheria za Kanisa humruhusu askofu kukubali azikwe kwa ibada, ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza.

Toharani, yaani kule kutakaswa nilikokutaja, si nafasi ya pili kwa aliyekataa kutubu, wala si jehanamu yenye moto mdogo. Aliyeko huko amekwisha kuokoka, na hakuna anayetoka toharani kwenda motoni. Sala zetu humsaidia, lakini fedha inayotolewa kwa nia ya misa si bei ya kumtoa, na mapadri wanahimizwa kusoma misa kwa nia za maskini hata wasipopokea chochote. Hiyo roho inayosemekana kuzunguka nyumbani hadi arobaini, ikiangalia nani amechukua shamba, haimo katika mafundisho yetu. Familia ikitaka kukutana siku ya arobaini na kusali, ikutane. Ila isimtishe mjane kwamba mumewe yuko dirishani.

Kuhusu aliyejiua, bado nakutana na viongozi wa jumuiya wanaokataa kwenda msibani. Wanashika sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyomnyima maziko ya Kanisa aliyejiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haikumtaja tena katika orodha ya wanaonyimwa, na Katekisimu inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa watu waliojiua, kwa kuwa Mungu anazo njia anazozijua mwenyewe za kuwapa nafasi ya kutubu.

Dhana inayonipotezea watu wengi zaidi, hata hivyo, ni ya kwamba padri akiingia na mafuta, mgonjwa lazima afe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema sakramenti hii ya Mpako wa Wagonjwa si ya walio katika hatari ya mwisho tu, bali muda wake unaofaa huanza mwamini anapokuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee. Sakramenti ya safari yenyewe ya kifo ni Ekaristi, na anayeipokea anahitaji kuweza kumeza. Niiteni mgonjwa anapoweza kuongea, aungame, aombe msamaha kwa mkewe, apakwe, apokee Komunyo. Na kama atafanyiwa upasuaji mkubwa, niiteni kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji. Ikiwa kuna shaka kama amekwisha kufa, sheria inaniruhusu kumpaka, lakini kwa aliyekufa bila shaka naweza kufanya sala za marehemu tu, hata kama ndugu walioogopa kupiga simu wiki nzima wamesimama mlangoni wakiuliza kwa nini nimechelewa.