Hewa Iingiayo Kwenye Injini ya Ndege ya Kujijengea

Wajenzi wengi wa ndege ndogo huamini kwamba tundu pana la kuingizia hewa huizolea injini hewa nyingi zaidi. Tuchukue RV-7, ndege ndogo ya kujijengea, yenye injini ya Lycoming O-360, ikiruka futi 8,000 kwa mwendo wa noti 170 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Mgandamizo wa hewa ya nje hapo ni takriban inchi 22.2 za zebaki, na mwendo huo, hata usipopotea kabisa, huongeza kama inchi 1.1 tu, yaani asilimia 5. Anayeahidi zaidi ya hapo bila tabochaja, yaani mashine ya kuisukumiza injini hewa, anauza maneno.

Injini hiyo ikizunguka mara 2,700 kwa dakika huvuta takriban lita 130 za hewa kwa sekunde, kiasi ambacho kwa mwendo ule kingepita katika tundu la sentimita 15 za mraba. Tundu la sentimita 40 za mraba haliongezi wingi wa hewa. Faida yake ni kwamba hewa hupunguza mwendo ikiwa bado nje, pasipo na kuta za kusuguana nazo, hivyo sehemu kubwa ya mwendo wake huwa imekwisha kugeuka mgandamizo inapoingia. Kingo za tundu ziwe za mviringo, kwa sababu ndege inapopanda hewa huja kwa mshazari, na kingo kali huivuruga.

Baada ya hapo kilichobaki ni kulinda kilichopatikana dhidi ya kona kali, chujio chafu na mianya kati ya bomba na kifuniko cha injini. Joto nalo hula faida: hewa ikipata nyuzi 6 zaidi za Selsiasi, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 1.

Kupima ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Chukua kipimamwendo cha pili, uunganishe upande wake wa pito (unaopokea hewa inayokuja kwa kasi) na kisanduku cha hewa kilicho kabla ya kabureta, na upande wa pili na mrija uleule wa hewa tulivu ya nje unaotumiwa na kipimamwendo cha kawaida. Kipimamwendo cha kawaida kikionyesha noti 150 na hiki 135, umepata asilimia 81 ya mgandamizo uliokuwapo, kwa kuwa mgandamizo hufuata mraba wa mwendo. Ukifika hapo, usishawishike kuondoa mlango wa hewa ya moto, unaoiletea kabureta hewa ya kuyeyusha barafu, ili kupata kidogo kilichosalia: barafu ya kabureta huzima injini.